Kama gari ni hatari, nipeni tarehe

Goti la kulia la mama yangu halikunjiki. Kwenye gari letu dogo kiti kinachomfaa ni kimoja tu, cha mbele kushoto, kikisukumwa nyuma mpaka mwisho ili anyooshe mguu. Tangu Machi mwaka jana kiti hicho hakikaliwi. Nimeweka kapu juu yake nikalifunga mkanda, mtu asije akajisahau akaingia. Mama anakaa nyuma, mgongo ameuegemeza mlangoni, mguu kaulaza juu ya kiti kizima. Kutoka Ujiji mpaka Mwanga, hapa Kigoma, kila tukipanda tuta analishika goti kwa mikono miwili. Na akikaa hivyo mkanda haumfungi sawasawa. Nimemtoa kwenye hatari moja nikamweka kwenye nyingine, na ninalijua hilo kila ninapowasha gari.

Kilichomhamisha ni eabegi ya abiria, ule mfuko unaofumuka mbele ya mtu gari likigonga. Mpwa wangu alikuwa anaangalia namba za chesisi za magari ya ukoo wetu kwenye tovuti za watengenezaji wa Japani, akanipigia usiku: "Mjomba, la kwako limo." Maana yake gari limeitwa lirudi, kifaa kinachojaza eabegi ya mbele kibadilishwe bure, na kumbukumbu zao zinaonyesha hakijabadilishwa. Kesho yake nikampigia wakala wa mtengenezaji, Dar es Salaam, nikamsomea namba tarakimu kwa tarakimu. Akakubali kwamba limo, akakubali kwamba kazi hiyo wanaifanya. Leo ni mwezi wa 14 na kifaa ni kilekile.

Nieleze kidogo kwa nini sikai nikasema "Mungu atatulinda" na kuendelea na safari. Nyuma ya eabegi mna kikopo cha chuma chenye vidonge vya baruti. Gari likigonga, vidonge vinawaka, gesi inaujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vikopo vyake kwa kutumia amoniamu naitreti, tena vingi bila kuweka kitu cha kunyonya unyevu. Mkulima yeyote wa Kasulu anayekuzia mahindi kwa mbolea ya CAN ataelewa haraka, maana humo ndani mna kemikali hiyohiyo: acha mfuko wazi masika, rudi baada ya wiki, uone mbolea ilivyonyonya maji na kushikana. Ndani ya kikopo, joto la mchana na baridi ya usiku, mwaka hadi mwaka, pamoja na unyevu, huvidhoofisha vidonge vikapasuka na kuwa unga. Unga unawaka kwa kasi kuliko kidonge. Kikopo hakihimili, kinapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye mfuko uleule uliowekwa kumlinda mtu. Marekani peke yake zaidi ya watu 25 wamekufa kwa namna hiyo. Malaysia nako wamekufa watu. Magari yalianza kuitwa mwaka 2008, na hesabu ilipofika mwisho vikopo vilivyoitwa Marekani vilikuwa kama milioni 67, duniani kote kama milioni 100. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la jinai mbele ya mahakama ya Marekani, na Juni mwaka huohuo ikaomba kufilisiwa.

Wamarekani walipoona spea hazitoshi, walianza na majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii, kwa sababu huko ndiko vikopo vinakoharibika mapema. Sasa njoo usimame Kibirizi saa nane mchana mwezi wa Novemba, ziwa liko hatua chache, mvua imenyesha asubuhi, jua limetoka, na magari yameegeshwa wazi yakisubiri mizigo. Kama kuna mahali ambapo spea ilipaswa kuwahi, ni hapa. Lakini hapa ndipo inapofika mwisho, kwa sababu ramani inayotumika ni ya matawi ya wakala, na hayo yanaishia miji mikubwa.

Nina daftari. Nimeandika kila simu niliyopiga, na nitanakili mistari michache bila kuongeza neno. Tarehe 12 Juni: spea haijafika. Tarehe 3 Julai: aliyekuwa anashughulikia yuko likizo. Tarehe 21 Julai: "kaka yangu, piga Jumatatu." Jumatatu: simu inaita, haipokelewi. Tarehe 9 Agosti: lete gari tulione kwanza, bila kuliona hatuwezi kuagiza.

Nikalipeleka. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 ukipitia Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora. Niliomba ruhusa kazini ya siku tano, nikalala Tabora, nikalala Dodoma, nikaingia Dar mchana wa siku ya tatu. Kijana wa mapokezi alinipokea kwa heshima, "shikamoo mzee, karibu maji." Akatoka na simu, akapiga picha kibati cha chesisi, akaandika kilomita, akanipa karatasi nisaini. Nikauliza fundi anaanza saa ngapi. Akasema fundi hana cha kufunga, spea ndiyo sasa inaagizwa, nitapigiwa. Nikamuuliza ile picha aliyopiga ina tofauti gani na picha ambayo ningempigia mimi nikiwa uani kwangu Gungu. Kijana akanyamaza, na sikumlaumu. Alitumwa kusimama pale bila kupewa jibu. Niligeuza gari alfajiri. Safari ile, mafuta na kulala, ilinitoka zaidi ya laki 7, na gari lilirudi Kigoma na kikopo chake kilekile.

Ninachokidai ni kitu kimoja, na kinaweza kuandikwa kwenye mstari mmoja: tarehe. Aliyenitangazia kwamba chombo ninachobebea mzazi wangu kina hatari namdai siku ambayo hatari hiyo itaondolewa. Tangazo lisilo na tarehe linamkinga aliyelitoa, kwa sababu siku yoyote baya likitokea atasema tulikwishamwambia. Mzigo wote unabaki kwangu, pamoja na kapu juu ya kiti.

Najua spea zinaweza kukosekana kweli. Viwanda vingine vilipoingia kuziba pengo la Takata vilizidiwa miaka kadhaa, na mtu mwungwana hawezi kudai kitu ambacho hakijatengenezwa. Lakini hata kukosekana kuna adabu yake. Mwaka 2014, vikopo vya kubadilishia vilipokuwa haba Marekani, Toyota iliwaelekeza mawakala wake waizime eabegi ya abiria kwa muda na kubandika onyo mtu asikae hapo mpaka spea ifike. Mimi kapu na mkanda nilibuni mwenyewe. Hakuna aliyeniambia chochote kuhusu kiti hicho mpaka nilipouliza.

Fundi wangu, mtu mwaminifu ambaye amenitengenezea gari miaka tisa, aliniambia, "Mwalimu, tuchomoe soketi, yaishe." Nilikataa, na ninawaomba wengine wakatae. Kile ni kitu chenye baruti. Kimataifa husafirishwa kwa masharti ya bidhaa hatari, na gereji ya mtaani haina kifaa cha kuthibitisha kwamba kimezimika na kwamba eabegi ya dereva haijaguswa. Lakini namwelewa. Mwenye kazi asipokuja, jirani huishika kwa kile alicho nacho.

Kuna wanaonijibu kwamba nilinunua mtumba, basi nivumilie. Jibu hilo nimelisikia kwa wenye magari na kwa wasio nayo, na linaniudhi kuliko ucheleweshaji wenyewe. Nchi hii inatembea kwa magari yaliyotumika Japani. Mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa dagaa, wote tunaagiza hayo, tunalipa kodi ya kuyaingiza, tunayakatia bima, tunabandika stika ya Nenda kwa Usalama. Kikopo hicho hakikuharibiwa na Mjapani aliyeliendesha gari kabla yangu. Kilitoka kiwandani na kasoro yake, na namba ya chesisi haibadiliki gari likibadilisha mwenyewe. Japani kwenyewe, tangu Mei 2018, magari yenye vikopo vya hatari kubwa ambayo hayajarekebishwa yananyimwa cheti cha ukaguzi wa barabarani. Ningependa gari linaposhuka bandarini, namba yake iulizwe kwa mtengenezaji kabla halijaanza safari ya kuja huku, maana likishafika Kigoma kulirudisha ni kazi ya mwaka.

Umbali nao usitumike kama kisingizio. Australia ni nchi pana, watu wa bara wako mbali na miji kuliko sisi. Mwaka 2018 serikali yao ilitoa amri ya lazima: vikopo vya Takata vibadilishwe vyote kufikia mwisho wa 2020. Gari lililokuwa kwenye kundi la hatari kubwa zaidi, mwenyewe aliambiwa asiliendeshe. Kampuni ilipaswa kulivuta au kumtuma fundi alipo. Kazi ikizidi saa 24, mwenye gari alikuwa na haki ya kupewa la kuazima. Kwenye sheria ya Marekani, gari lililofikishwa lisipotengenezwa ipasavyo ndani ya siku 60, hiyo yenyewe inahesabiwa kuwa ushahidi wa awali kwamba mtengenezaji ameshindwa kulitengeneza kwa muda unaofaa. Siku 60. Mimi niko kwenye miezi 14.

Hapa kwetu ipo Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Nimewaandikia. Nimeomba wakala alazimishwe kutoa siku kwa maandishi, na kama spea haipo, azime eabegi rasmi na kunipa karatasi. Pia nimeomba fundi aje. Kazi yenyewe, kwa maneno ya wakala huyohuyo, ni ya saa mbili. Fundi mmoja akija na vikopo vilivyofungwa inavyotakiwa na kompyuta yake, kwa siku tatu anaweza kumaliza magari ya mji mzima yaliyoitwa. Nilipopendekeza hivyo kwa simu, dada aliyepokea alisema safari ya gari moja haiwalipi.

Basi nimeanza kuyatafuta mengine. Jumamosi mbili nimezunguka Mwanga, Gungu na Bangwe na mpwa wangu. Mwenye gari anatusomea namba kutoka kwenye kadi, yeye anaiangalia kwenye simu, mimi naandika. Wa Kasulu, Uvinza na Kibondo wametumiwa maelezo waangalie wenyewe. Mpaka jana jioni tumepata magari saba, na mawili kati yake ni teksi.