Terminali au kubofya? Inategemea unagusa nini

Watu wa Linux (mfumo wa kompyuta, kama Windows) wana ubishi hauishi, eti ukitumia madirisha na vitufe wewe bado mtoto, wakubwa wanaandika amri kwenye terminali, lile dirisha la maandishi matupu. Mi natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kila siku na naona huo ni ushamba tu, ingawa hata wale wa kubofya kila kitu nao wana yao.

Tuanze na diski. Unataka kuweka Ubuntu kwenye flashi, kwa terminali unaandika sudo dd (sudo inakupa mamlaka ya msimamizi, dd inanakili moja kwa moja kwenye diski), mwishoni of=/dev/sdb yaani flashi yako, sasa kidole kikiteleza ukaandika sda, dd haikuulizi hata swali moja, inaandika juu ya diski ya laptopu yako na picha za harusi ndo imetoka hiyo. Ilinikuta saa nane usiku, nikashtuka tu mbona taa ya flashi haiwakiwaki. balenaEtcher, programu ya kubofya ya kazi hiyo hiyo, kwa kawaida haikuonyeshi kabisa diski yenye mfumo. Na GParted, programu ya kugawa diski, ukifuta patisheni (kipande cha diski) haifutiki hapo hapo, inakaa foleni chini ya dirisha mpaka ubonyeze Apply, ukighairi unairudisha. Kwa kazi kama hizi nabofya na sioni aibu.

Ila kazi ya kurudiarudia, aisee, madirisha yanachosha. Una video mia mbili za mkv unataka ziwe mp4, ffmpeg, programu ya amri ya kubadili video, na -c copy ndani ya luupu ya mstari mmoja (amri inayojirudia kwa kila faili) imemaliza, maana haikodi upya, yaani haitengenezi video yote tena, inahamisha tu kilichomo (kama mp4 inakikubali lakini). HandBrake, ya kubofya, nayo ina foleni, tatizo video lazima iikodi upya, laptopu inachemka kama pasi.

Halafu kuna kusaidiana kwa simu. "Bonyeza pale juu kulia." "Kulia wapi, mbona kwangu hamna?" Toleo likibadilika kitufe kimehama. Amri natuma mstari mmoja, anakopi, anapesti, basi. Shida ni kwamba anapesti hata asichokielewa, na sudo iko mbele.

Ndo maana GParted naipenda kuliko zote, ikimaliza kazi unafungua Details unaona amri zenyewe ilizopiga, e2fsck ya kukagua, resize2fs ya kubadili ukubwa, na majibu yake, mi nimezijulia humo humo. Zingine nyingi ukikwama zinakuandikia "kuna tatizo" halafu kimya, unabaki unatafuta terminali.