Hataza ya Moscow haina pasipoti

Eti kwa kuwa taasisi ya Gamaleya kule Moscow inamiliki hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake, ya chanjo ya korona iitwayo Sputnik V, sisi Kenya haturuhusiwi hata kujaribu kuitengeneza? Hapo mwandishi wa makala inayodai hivyo ametupotosha. Hataza hushika nchi ilikosajiliwa tu. Ili itubane sisi lazima iombwe KIPI, ofisi yetu ya hataza Nairobi, au ipitie ARIPO, shirika la Afrika la hataza kule Harare, na hata ikipatikana ni miaka 20 tu tangu siku ya maombi. Tena sheria yetu ya hataza ya 2001 inaipa serikali njia ya kuitumia kwa maslahi ya umma. Kinachotukwamisha ni kingine kabisa. Mimi niko maabara ndogo huku Changamwe, Mombasa. Kipindupindu kikizuka naotesha vijidudu kwenye sahani ya kijani, na kesho yake madoa ya manjano yametapakaa kama mtama uliomwagika. Unga wa kutengenezea chakula cha vijidudu kwenye hizo sahani watoka ng'ambo. Shehena ikichelewa twakaa mikono mitupu, na bandari twaiona dirishani, wallahi! Sasa Sputnik ni virusi viwili tofauti vya adeno (jamii ya virusi vya mafua), Ad26 dozi ya kwanza na Ad5 ya pili, vyote vyaoteshwa ndani ya seli hai kwenye matangi makubwa. Hataza itakupa mapishi, haikupi jiko wala mkono wa mpishi. Na hayo mapishi yako wazi mtandaoni, bure. Kuna yeyote hapa aliyewahi kufungua hata moja akaisoma mpaka mwisho?