Kuvuta pumzi peke yake hakutoshi

Makala ninayoijibu hapa, kuhusu kutuliza hasira, inashauri tuvute pumzi ndefu ugomvi unapopamba moto. Huo ni nusu ya ushauri, na nusu iliyoachwa, yaani kuitoa pumzi taratibu, ndiyo yenye kazi. Mapigo ya moyo hupanda kidogo unapovuta hewa na kushuka unapoitoa. Anayevuta kwa nguvu mfululizo huishia kupata kizunguzungu na ganzi vidoleni, maana ametoa kaboni dayoksaidi nyingi mno. Vuta taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6 au 8, kwa dakika 3 hadi 5. Tumbo ndilo lijae, mabega yatulie.

Ishara huja kabla ya maneno makali: taya kukaza, kinywa kukauka, viganja kutoa jasho. Pima mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Yakipita 100 nawe umeketi tu, sitisha mjadala. Hapo unasikia lakini hupokei.

Kuondoka nako kuna namna yake. Ukinyamaza na kubamiza mlango, mwenzako ataona umemdharau. Sema: "Hasira zimenipanda, nipe nusu saa, nitarudi tuendelee." Chini ya dakika 20 mwili mara nyingi huwa haujatulia. Na tafadhali, muda huo usiutumie kupanga majibu! Ukiendelea kugombana kichwani, moyo utaendelea kwenda mbio vilevile. Tembea, nawa uso kwa maji baridi, halafu rudi kweli kwa wakati ulioutaja, la sivyo safari ijayo hataamini ukiomba nafasi.