Kidonge kilichokatwa kwa wembe

Shangazi yangu wa Bombo, Uganda, huweka dawa zake za presha kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo. Siku moja alinituma nimletee kopo hilo. Ndani nilikuta wembe umefungwa kwenye karatasi, na vidonge vilivyokatwa katikati. Vingine vilikuwa vimepasuka vibaya, kipande kimoja kikubwa na kingine chenga tupu.

Nilipomuuliza alinyamaza kidogo. "Mwanangu, vya siku 30 navifikisha siku 60. Nikinunua vyote, hawa wajukuu watakula nini?"

Nilikosa la kusema. Hela ya dawa nilikuwa natuma mimi, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza kama inatosha.

Nimechoka kusikia kwamba wagonjwa wetu hawafuati dozi kwa sababu hawajasoma. Shangazi hakukosa elimu, alikosa hela, na hesabu yake aliipiga vizuri kuliko wengi wetu. Malipo katika vituo vya afya vya serikali Uganda yalifutwa mwaka 2001, na dawa hutoka bohari ya dawa ya taifa. Lakini mgonjwa wa presha anajua wimbo wa dirishani: dawa zimeisha, kanunue nje. Muswada wa bima ya afya ya taifa Bunge liliupitisha mwaka 2021, haukutiwa saini. Kwa hiyo mzee anasimama peke yake mbele ya kaunta ya duka la dawa, noti mkononi, anaomba apimiwe za wiki moja tu.

Linaloniumiza zaidi ni ukimya. Mwaka mzima shangazi alikwenda kliniki na daftari lake la shule lenye jalada lililochakaa, ambamo musawo, yaani mhudumu wa afya, huandika vipimo. Presha 170 kwa 100. "Unameza dawa?" "Nameza." Hakusema uongo, alikuwa anameza, ila nusu. Musawo naye, akiona dawa haifanyi kazi, alifanya alichofundishwa: akaongeza dawa ya pili. Shangazi akatoka na karatasi yenye gharama kubwa kuliko aliyoingia nayo. Akaenda nyumbani akaanza kukata zote mbili.

Hiyo ya pili ilikuwa nifedipine ya kuyeyuka polepole. Kidonge cha aina hiyo kimetengenezwa ili dawa itoke kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukikikata, nyingi inaweza kutoka kwa mpigo na presha ikashuka ghafla. Shangazi alikuwa akipata kizunguzungu akifagia ua asubuhi, akidhani ni uzee.

Nataka nieleweke hapa. Kukata kidonge si kosa lenyewe. Amlodipine, dawa nyingine ya presha, ile ya kawaida ya miligramu 10 yenye mstari katikati, yaweza kugawanywa ikawa dozi mbili za miligramu 5 kwa anayetakiwa kumeza 5, na wakati mwingine hilo humpunguzia gharama. Lakini uamuzi huo uanze kwa anayezijua dawa, maana tembe mbili zinazofanana kwa macho hazifanani tumboni. Na zipo dawa, kama za kifafa, ambazo ukizipunguza kwa siri mwili unakulipiza haraka. Presha ni mbaya kwa namna nyingine: hukulipiza kimyakimya. Huumwi popote, unaona umeokoa hela, hadi siku mkono unapokataa kuinuka.

Kliniki iliyofuata nilikwenda naye. Kabla hajapimwa nilisema wazi: amekuwa anakata dawa kwa sababu ya hela. Shangazi aliinamisha kichwa. Nilitegemea kelele. Musawo aliweka kalamu chini, akauliza anaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi. Swali hilo halikuwahi kuulizwa. Akafuta dawa ya pili, akambakishia ile moja kwa dozi kamili, na kutuandikia jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, tukachukue iliyo rahisi.

Nawaomba basawo wetu, kabla hamjaongeza dawa nyingine kwenye daftari, muulize: "Mwezi huu umeweza kununua zote?" Najua foleni ni ndefu, najua mnahudumia watu mia na nesi mmoja. Swali hilo halichukui hata dakika. Na sisi tunaotuma hela kwa simu, tuulize bei, tuombe kuona kopo.

Wiki iliyopita shangazi alikuwa na 140 kwa 88. Hata kabla nesi hajamfunga mkono, alimwambia mwenyewe, bila kusukumwa: "Mwanangu, safari hii nilikosa za siku nne." Nesi akaandika nne kwenye daftari.