Keki Haiuzwi, Mto Hauuzwi

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachoruhusiwa kukaa uchi. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa, tena chenye pindo za maua, na pindo moja linaning'inia mbele ya kioo mpaka msoma taarifa ya habari anaonekana kajitanda shungi, na ni mwanamume mwenye ndevu zake. Makochi yana vitambaa mgongoni, mikononi na pa kukalia. Mtungi wa gesi umeshonewa sketi. Juzi nimetaka kutua kikombe cha chai mezani, nikaambiwa nitandike kitambaa kidogo juu ya kitambaa kikubwa, kisha kisahani, na kisahani nacho kina cha kwake. Hadi nimalize itifaki zote, chai imeshapoa.

Vyote hivyo kafuma mama watoto wangu kwa sindano ya kroshia, kwa mkono wake, na kwa pesa ambayo mbele za watu huwa nasema ni yangu.

Jamani, mimi ni mtu wa dagaa. Nanunua Kibirizi, hapa Kigoma, naanika, napakia. Mtu wa dagaa anaamini kwamba kila kitu chini ya jua kina bei, na kama hakina bei basi hakijakauka. Kwa hiyo mtanielewa ninaposema nimeoa mtihani.

Kazi yetu ina likizo zake. Dagaa hufuata taa usiku, sasa mwezi ukishakuwa mpevu na ziwa zima likang'aa, taa ya mvuvi haina tena mvuto, mitumbwi inabaki ufukweni na sisi wanunuzi tunabaki majumbani. Siku hizo za mbalamwezi nilikuwa nazilalia, sina habari na mtu. Ukaja mwaka 2024, Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Samaki wakazaliana. Mimi nikakaa sebuleni mwangu miezi mitatu, sina pa kwenda, usingizi umeisha, nikaanza kuona mambo.

Cha kwanza kuona ni kwamba mayai yanapungua na sisi hatuli mayai.

Kumbe ni keki. Oveni hatuna, na mama watoto wala haililii. Anachukua sufuria kubwa, anamwaga mchanga chini, anaingiza sufuria ndogo yenye keki, anafunika, halafu anapanga makaa ya moto juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Unga robo, sukari robo, siagi robo, mayai manne. Na ile siagi na sukari haichanganyi tu kikristo. Anaipiga, anaipiga, mpaka siagi inabadilika rangi na kuwa nyeupe. Nikamuuliza anaitafutia nini. Akasema anaingiza hewa, ndiyo inayoinua keki. Yaani mimi nitoke jasho ninunue siagi, ninunue sukari, halafu mtu atumie jioni nzima kutia humo hewa, ambayo tungeweza kuivuta bure barazani!

Na ikiwa jikoni, nyumba nzima inakuwa na amri ya kutotembea. Watoto wasikimbie. Mlango usibamizwe. Mfuniko usiguswe, maana ukifunua kabla haijashika inabonyea katikati. Siku moja nilipiga chafya, nikatazamwa jicho ambalo hata mdeni wangu sijawahi kumtazama. Mwisho anachomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, tunaruhusiwa kuishi.

Nikachukua daftari langu la dagaa nikapiga hesabu. Mayai, siagi, unga, sukari, mkaa wa juu, mkaa wa chini. Nikagawa kwa vipande. Kipande kimoja cha keki ya nyumbani kwangu kinazidi bei ya cha dukani, na cha dukani kina hadi karatasi yake. Nikampelekea daftari, nikatulia, nikasubiri ajitetee. Akasoma taratibu, akaomba kalamu.

"Umesahau vanila," akasema, akaijumlisha.

Nikaona isiwe taabu, dawa ya gharama ni mauzo. Nikamwekea mpango mezani, juu ya vile vitambaa. Nikamwambia, mama watoto, halmashauri zimeagizwa zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Unda kikundi. Tafuta jina lenye neno "Tumaini" au "Upendo", hayo hayakosi. Keki ya harusi, keki ya ubarikio, vitambaa, mito ya makochi. Mimi nitashika hesabu.

"Siuzi," akasema.

"Kwa nini?"

"Napenda tu."

Hebu nisaidieni, hilo jibu unaliandika upande gani wa daftari? Nikasisitiza. Akaweka sindano chini, na akiiweka chini ujue hali si nzuri.

"Baba watoto, nikiuza, siku siagi ikipanda nitapiga mayai matatu badala ya manne. Nikiuza, mteja ndiye atachagua rangi, na huku kwetu mteja anachagua pinki. Wewe mwenyewe tangu uanze kuuza dagaa, umeshawahi kuomba upikiwe dagaa?"

Sikujibu. Dagaa naujua ulikotoka, ulikoanikwa na nani alipita hapo na ndala. Siuli.

Lakini si mimi peke yangu ninayesumbuka. Ukionyesha kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako Mwanga nzima, hadi Ujiji, hakuna atakayekuambia kizuri akaishia hapo. Anakigeuza, anakitazama mshono, anauliza: "Unauza bei gani?" Ukimwambia huuzi anakuona una maringo, au una ugonjwa. Mama mmoja aliinua mto wetu akauliza bei, akaambiwa hauuzwi, akashusha sauti: "Basi niambie tu ungekuwa unauza ungeuza bei gani."

Hiyo mito nayo ina mambo. Ni ya vipande vya vitenge, vile vya kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, vyenye ndege na feni na macho. Fundi cherehani alikuwa anafagia vipande hivyo anatupa. Mke wangu akaenda akaomba, akapewa mfuko bure na shukrani juu. Akarudi tena. Akarudi tena. Sasa fundi kazinduka, vipande anavipima kwa kilo. Katika mnyororo huu wote wa thamani, mtu wa kwanza kupata faida ni yule aliyekuwa na ufagio. Mama yangu alinilea katika viraka, akijitahidi majirani wasione. Leo mkwewe ananunua viraka, anaviunga, anaviweka sebuleni pa kwanza kuonekana, na mimi nalipa.

Kuhusu mawese nakiri wazo lilikuwa langu, na bado naliona zuri. Siagi ilikuwa imepanda. Nikasema huu ni mkoa wa michikichi, mawese yamejaa, kwa nini tunahangaika na mafuta ya kwenye kopo? Akajaribu. Keki ikatoka na rangi ya machungwa yaliyoiva, ya kupendeza kabisa, kila mtu akasogea. Harufu ndiyo ikasema ukweli. Watoto waliila wakipekua kila kipande, wanatafuta maharage yako wapi.

Mawese yaliyobaki yakageuzwa sabuni, kwa kostiki, maana kwake hakuna kitu kinachobaki kikaachwa kibaki. Sabuni ikamiminwa katika vile vikopo vya keki ndogo, ikapangwa juu ya kabati ikauke, kwani inatakiwa ipumzike kama mwezi hivi kabla ya kutumika. Shemeji yangu akaja kutoka Kasulu, kafika na njaa ya safari. Sisemi mengi. Alipong'ata alitafuna kidogo kwa heshima, akameza mate, akasema, "Dada, hii magadi yamezidi."

Baada ya sabuni akahamia kwenye mbao. Alipata za makasha bandarini, akapiga msasa, akapaka rangi, tukawa na meza. Mguu mmoja unacheza. Nikasema, kwa upole kabisa, kwamba vitu vingine tuwaachie mafundi. Lo! Akanishushia MV Liemba nzima. Eti meli ile Wajerumani waliijenga kwao 1913, wakaifungua, wakaileta vipande vipande kwenye masanduku 5,000, ikaungwa hapahapa Kigoma. Eti 1916 wakaizamisha wenyewe wasiwaachie adui, lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo grisi nzito. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini.

"Watu walikuwa wanakimbia vita," akasema, "na bado walikumbuka kupaka grisi. Wewe uko hapa miezi mitatu, umepaka hata mafuta ya kula kwenye bawaba za mlango wa choo?"

Nilikwenda kutafuta mafuta.

Sasa mtauliza, kama haziuzwi, keki zote hizo zinakwenda wapi? Zinagawiwa. Jirani wa kushoto sahani, wa kulia sahani, bibi wa nyuma ya msikiti sahani. Moyo wangu ulikuwa unatoka na kila sahani. Lakini mnajua wenyewe, sahani ya watu hairudishwi tupu. Ikarudi na samaki wawili wa ziwani, migebuka. Nyingine ikarudi na mkungu mdogo wa ndizi, na kwa kuwa haukuenea kwenye sahani, ukaja umebebwa kichwani na sahani juu yake. Nyingine chupa ya mawese, ile ya kuanzia mabalaa mengine. Bibi wa nyuma ya msikiti alirudisha sahani na dua, nayo sikujua niithaminishe vipi. Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaanza kuandika mapato. Mke wangu akanifunga daftari mkononi.

"Ukiandika itakuwa biashara," akasema. "Na jirani akijua unaandika, mara nyingine ataleta dagaa."

Sahani moja ilirudi na binti wa watu, kaja kufundishwa kufuma. Kesho yake akaja na wenzake. Sasa jioni sebule yangu si yangu. Makochi yote wanawake, kila mmoja na sindano yake, wanahesabu vitanzi kwa sauti ya chini na kunisengenya kwa sauti ya kawaida. Nami sikuachwa nikae bure. Nyuzi zinanunuliwa katika mafundo makubwa, ili zizungushwe ziwe mpira lazima apatikane mtu wa kunyoosha mikono miwili mbele avishwe uzi, akae hivyohivyo bila kukuna pua.

Jana nilikuwa katika hali hiyo, uzi mweupe viganjani, mwezi mpevu nje, mwenyekiti wa mtaa akapita dirishani. Akasimama. Akanitazama, akatazama uzi, akatazama darasa zima, halafu akaona kitambaa kipya cha meza kimetandazwa, kikubwa, chenye nyota pembeni.

"Hicho," akasema, "mnauza bei gani?"

Mteja! Tena mwenye mhuri! Bei ilinijia mdomoni yenyewe, pamoja na nafasi ya kupunguza kidogo. Nikamtazama mama watoto. Hakusema neno. Alikuwa ameweka sindano chini.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "muulize mwenye uzi. Mimi hapa ni kigingi."