Kwenda Kigali kwa gari lenye usukani kulia

Waambie watu wa Kahama au Mwanza kwamba unakwenda Kigali kwa gari lako mwenyewe, watakuuliza swali lile lile: "Kule si wanapita kulia, utaweza?" Hofu hiyo naielewa, ila naona imekaa mahali pasipo pake. Kupita kulia ni kitu cha nusu saa. Pale mpakani Rusumo hata nafasi ya kukosea ni ndogo: unamaliza karatasi zako, unavuka Mto Kagera, na lori lililo mbele yako limeshashika kulia. Unalifuata. Cha kuogopa ni kiti ulichokalia.

Magari yetu karibu yote usukani uko kulia, na gari la namna hiyo limetengenezwa kwa ajili ya barabara ya kupita kushoto. Dereva anakaa upande wa katikati ya barabara ili aone kinachokuja. Ukilivusha Rwanda unakuwa umekaa upande wa mtaro. Mtaro unauona vizuri sana. Waenda kwa miguu na baiskeli za ndizi unaziona. Usichokiona ni gari linalokuja, na hicho ndicho ulichokuwa unakihitaji.

Barabara ya kutoka Rusumo kupita Kirehe hadi Kayonza ni nzuri, lakini ni vilima na kona mfululizo, na malori yenye mizigo ya Dar es Salaam yanapanda polepole. Ukiwa nyuma ya lori na unataka kujua kama mbele ni peupe, itabidi uchomoze karibu gari zima upande wa kushoto ndipo jicho lako lifike. Kufikia hapo umeshaingia kwenye njia ya mwenzako. Mimi husafiri na shemeji yangu, yeye ndiye anayeona. Anainamia dirisha lake la kushoto: "Bado. Bado. Kuna Coaster. Ngoja ipite... haya, toka." Na awe mtu anayejua kuendesha, maana asiyejua atakwambia "twende" akidhani gari linaruka kama alivyosema yeye. Ukiwa peke yako, usiovateki. Kaa nyuma ya lori, sikiliza redio.

Kuna na lile la indiketa. Kwetu lori likikuona nyuma linawasha indiketa ya kulia kukuzuia, na ya kushoto kukuruhusu. Hakuna sheria inayosema hivyo, ni desturi tu ya barabarani, na imewasaidia wengi. Ng'ambo ya Kagera pande zimegeuka, wa kukupisha anakupisha kushoto. Sasa fikiria lori la Tanzania likiwa Rwanda, nyuma yake gari la Tanzania: hiyo indiketa ya kushoto ni ruhusa ya kwetu, ni onyo, au jamaa anakata kona? Sitaki kuwa wa kwanza kupata jibu. Lugha ya indiketa niiache Rusumo.

Anayedhani natia chumvi aangalie magari ya IT, yaani ya kupita tu nchini, yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mengi usukani wake uko kushoto, na yanakatiza Tanzania nzima yakipita kushoto. Ukimwona dereva wa IT anachungulia nyuma ya semi, anachomoza, anarudi, anachomoza tena, usimtukane. Haoni.

Sweden walilijua tatizo hili miongo kadhaa iliyopita. Walikuwa wanapita kushoto, lakini magari yao mengi usukani ulikuwa kushoto, na majirani zao Norway na Finland walikuwa wanapita kulia. Kugongana uso kwa uso wakati wa kuovateki kukawa miongoni mwa hoja za kuhama. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ikahamia kulia siku moja. Sisi huku mpaka huu tumeurithi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, koloni la Wajerumani liligawanywa, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, na leo kila upande bado unaendesha kama mtawala wake wa mwisho alivyoendesha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kenya, Uganda na Tanzania kushoto, halafu Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia kulia. Wapo wanaotaka tufanane wote. Mimi sioni haraka hiyo, kwa sababu nchi ikihama upande, magari yake yote yaliyopo yanageuka kuwa kama langu pale Kirehe, kwa miaka mingi.

Jambo la pili ambalo halizungumzwi ni mwendo. Kwenye karatasi hatupishani sana. Tanzania ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, mabasi na malori mwisho 80. Rwanda magari ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Kinachotofautiana ni nani anayekuona. Huku tuna trafiki na tochi yake, na tuna dereva anayetoka mbele akikumulikia taa mara mbili. Unapunguza, unampita trafiki kwa adabu, unamshukuru mwenzako kwa mkono, kilomita mbili mbele unarudi kwenye mwendo wako. Na ukinaswa unashuka, unaeleza, unasema una mgonjwa. Tumezoea sheria yenye masikio.

Rwanda kuna kamera. Wenyewe wanaziita Sofia. Sofia hana masikio, hana mgonjwa anayemjua, na faini inaingia kwenye mfumo. Zilikuwa kali kiasi kwamba mwaka 2021 Rais Kagame mwenyewe alisema hadharani kuwa vikomo vilikuwa chini mno, na baadaye vikapandishwa sehemu kadhaa. Rafiki zangu huwa wanarudi wakisema Wanyarwanda wana nidhamu ya kuzaliwa nayo. Sikubaliani. Weka Sofia kati ya Shinyanga na Kahama miaka mitano, uone kama hatutazaliwa upya. Ninachoweza kukiri ni kuhusu pikipiki: Kigali abiria ni mmoja, na kofia ngumu anavaa. Mishikaki ya watu watatu nyuma ya bodaboda, ambayo kwetu hakuna anayegeuza shingo kuitazama, kule sijaiona.

Usiku, ushauri wangu ni usiendeshe kabisa gari letu upande ule. Taa za chini za gari la usukani kulia zimelengwa kumulika zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara yetu. Ukipita kulia, kushoto ndiko anakotokea mwenzako, na unammulika machoni bila kujua, kisha unashangaa kwa nini kila anayekuja anakuwashia taa. Mabasi yetu yanayokwenda huko yana shida ya aina yake: mlango uko kushoto, kwa hiyo abiria akishuka pembeni ya barabara anakanyaga katikati ya lami. Nimemwona mama na mtoto mgongoni akishushwa hivyo, konda amesimama barabarani anasimamisha magari kwa mikono. Kwa basi linalovuka mpaka huo kila siku, mlango wa upande wa kulia lilipaswa kuwa sharti la leseni ya njia. Shusheni watu stendi, basi, kama mlango haiwezekani.

Karatasi ni rahisi: pasipoti au hati ya kusafiria, leseni, kadi ya gari, na bima ya kadi ya njano, ile ya COMESA, ambayo Tanzania inaitoa ingawa ilijitoa COMESA yenyewe. Gari likiwa si lako, beba barua ya mwenye gari. Kituo cha pamoja cha forodha na daraja jipya, vilivyozinduliwa Aprili 2016, vimepunguza sana usumbufu wa zamani. Mifuko ya plastiki iache nyumbani.

Lakini pale pale kwenye kituo cha pamoja, ambako kila dereva lazima asimame, ningependa apewe karatasi moja ya Kiswahili na Kinyarwanda: vikomo vya mwendo, taa, kuovateki, namba za dharura. Na mtu wa kumwambia dereva mgeni maneno mawili kabla hajawasha gari. Anakaguliwa kila kitu, bima, mzigo, chanjo, isipokuwa kama anajua anakoingia anaendeshaje. Na anayerudi apewe pia, maana kurudi kuna hatari yake. Mtu akishavuka kuja Ngara anajiona yuko nyumbani, anasimama sheli kunywa soda, akitoka barabara ni tupu, na mkono unamrudisha kulia alikokuzoea wiki nzima. Barabara yenye magari inakukumbusha upande. Tupu haikwambii kitu.

Wa kusafiri mwisho wa mwezi wasisahau kwamba Jumamosi ya mwisho ni umuganda. Asubuhi hiyo watu wako kwenye kazi za pamoja na magari yanatakiwa kutulia hadi saa tano hivi, kwa saa za Rwanda, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Vuka Ijumaa mchana, au lala Ngara.