Mlipaji Mmoja Ndiye Hatari Kubwa kwa Redio ya Wilaya

Machi 2024 Serikali ya Kenya iliagiza wizara na taasisi zake zipeleke matangazo yote ya kulipia ya redio na televisheni kwa KBC, shirika la utangazaji la serikali. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, Sauti ya Amerika ilisimamisha urushaji wa vipindi, na redio zilizokuwa zikijiunga na Idhaa yake ya Kiswahili zikabaki na saa tupu kwenye ratiba. Aprili mwaka huohuo bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini Kenya ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Julai 1, 2025, USAID, shirika la misaada la Marekani ambalo fedha zake zililipia vipindi vya malaria, Ukimwi na lishe katika redio za ukanda huu, ikafunga shughuli zake rasmi.

Katika matukio yote manne hakuna msikilizaji aliyezima redio. Aliyeondoka ni mlipaji. Kwa hiyo mjadala unaojirudia kila mwaka, wa kama simu itaiua redio, unagusa nusu tu ya tatizo. Hata hivyo tuanze nao, kwa sababu wenye vituo wanafanya maamuzi ya gharama kubwa kwa kuufuata upande mmoja au mwingine.

Wanaosema redio ihamie mtandaoni wana hoja mbili nzuri. Kwanza, simu mpya nyingi za bei ya juu hazina tundu la waya wa masikioni, na waya ule ndio unaotumika kama antena ya FM. Pili, na hii ndiyo yenye uzito zaidi, mwenye duka akilipia tangazo kwenye Facebook anaonyeshwa watu wangapi wameliona na wangapi wamelibonyeza. Redio ya wilaya inampa ahadi tu. Tafiti za usikilizaji hupimwa zaidi kitaifa na kwenye miji mikubwa. Wilayani sampuli huwa ndogo mno kiasi kwamba afisa masoko anaingia kwa mteja bila namba yoyote mkononi.

Wanaotetea FM wana hesabu. Mkondo wa intaneti wa kilobiti 64 kwa sekunde, ambao ndio kiwango cha kawaida kwa sauti inayosikika vizuri, unakula megabaiti 28.8 kwa saa. Anayesikiliza saa tatu kwa siku atamaliza karibu gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Mama lishe, fundi cherehani na mkulima anayepalilia akiwa na kiredio cha betri hawatanunua bando hilo ilhali simu ya kitochi inawapa FM bure. Kituo nacho kina mzigo wake: wasikilizaji 500 kwa wakati mmoja wanahitaji megabiti 32 kwa sekunde, kiasi ambacho laini ya studio mara nyingi haibebi. Itabidi ukodi seva ya nje, na bili yake mara nyingi huja kwa dola.

Halafu kuna siku ambazo intaneti yenyewe haipo. Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki ikapooza mtandaoni. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. FM haihitaji intaneti kumfikia msikilizaji. Hata kwenye nchi tajiri safari ya kuiacha FM haijawa nyepesi: Norway ilizima mitambo ya kitaifa mwaka 2017, na shirika la utangazaji la Uswisi, SRG, lilipozima ya kwake mwisho wa Desemba 2024 lilipoteza wasikilizaji wengi.

Lakini watetezi wa FM wasijisahau. Vituo vingi vinapeleka sauti kutoka studio hadi mnarani kwa intaneti hiyohiyo. Kebo ikikatika, mtambo unabaki umewaka huku ukirusha ukimya. Dawa yake ni jozi ya redio za kiungo za gigahezi 5 kati ya studio na mnara, mradi pande zote mbili zinaonana bila mti wala kilima katikati, na kompyuta ndogo kule mnarani yenye muziki na matangazo ya siku mbili. Weka kifaa kinachotambua ukimya, kikibadilishia kwenye kompyuta hiyo baada ya sekunde 30. Ukiweka sekunde 5, mtangazaji akipumua tu kitamkatiza.

Kwa maoni yangu, kwa redio ya wilaya mtandao ni mahali pa kuhifadhi na kusambaza, haujawa mahali pa kuhamia. Kipindi cha dakika tano cha bei za mazao, kikihifadhiwa kwa kilobiti 48 na sauti ya mkondo mmoja, kina uzito wa megabaiti 1.8 na kinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwa urahisi. Kina faida ya kusikika na wenyeji waliohamia mjini au nje ya nchi. Nchini Tanzania, kabla ya kuanza, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, leseni na ada inayohitajika, kwani kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na za mwaka 2020, ambazo nazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja, na ada hiyo ni gharama inayotangulia mapato.

Sasa twende kwenye fedha, na hapa nianze na inayotoka. Wenye vituo wakibanwa hupunguza watu kwanza, kisha wanauliza kwa nini vipindi vimepoa. Sehemu inayovuja kila saa, usiku na mchana, ni mtambo wa kurushia.

Chukua mtambo wa kilowati 1 wenye antena mbili mnarani. Mtambo wa kisasa unaotoa wati 1,000 unavuta takribani wati 1,500 kwenye umeme. Kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 1,080. Kwa bei ya TANESCO ya daraja la T1, la matumizi ya kawaida, karibu shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, ni kama shilingi 384,000 kwa mwezi. Ukiongeza antena kutoka mbili hadi nne, nguvu inayoelekezwa kwa msikilizaji inakaribia kuongezeka maradufu bila kuongeza umeme. Maana yake wati 500 kwenye antena nne zinafika karibu sawa na wati 1,000 kwenye antena mbili, na bili inashuka hadi kama shilingi 192,000. Joto la mtambo nalo linapungua kwa nusu, hivyo mara nyingi feni zinatosha mahali palipokuwa na kiyoyozi. Siku umeme ukikatika, jenereta au betri inabeba mzigo mdogo.

Kazi hii ina mitego. Antena nne zinahitaji takribani mita 9 hadi 10 juu ya mnara, kwa sababu katika masafa ya katikati ya FM nafasi kati ya moja na nyingine ni kama mita 3. Mnara dhaifu hautahimili upepo. Waya zinazotoka kwenye kigawanyio kwenda kila antena lazima ziwe na urefu sawa kabisa. Fundi akikata mmoja mfupi kwa sababu umebaki mrefu, mawimbi yanapinda na mji wako mwenyewe unaweza kukosa sauti. Maji yakiingia kwenye kiungio, nguvu inayorudi kwenye mtambo inapanda. Ikizidi asilimia 4 ya inayotoka, zima utafute chanzo kabla transista hazijaungua. Na kama mnara uko juu ya kilima kirefu huku mji ukiwa chini yake, antena nne zinabana mawimbi yaende mbali na kuupita mji kwa juu. Mwambie mtengenezaji akuwekee mwinamo unaoelekeza mawimbi chini kidogo. Zaidi ya yote, leseni inataja nguvu na aina ya antena, hivyo idhini ya mdhibiti inatangulia ngazi ya fundi.

Ambaye hajaridhika na eneo lake la usikivu asikimbilie kununua mtambo mkubwa. Kuongeza nguvu maradufu hakusogezi sana mpaka wa usikivu. Urefu ndio unaosaidia, nao una kikomo: upeo wa mawimbi kwa kilomita ni takribani mara 4.12 ya kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Mnara wa mita 45 unafika kilomita 27 na ushei, wa mita 90 unafika 39.

Upande wa mapato, hesabu ya wafanyabiashara wadogo inastahili kufanywa kwa kalamu. Tuseme kituo kinahitaji shilingi milioni 9 kwa mwezi. Mfuko wa tangazo la sekunde 30, mara mbili kwa siku, mwezi mzima, uuzwe shilingi 150,000. Wateja 60 wanafikisha milioni 9. Lakini afisa masoko akilipwa kamisheni ya asilimia 15, kila mteja anakiachia kituo 127,500, na wanaohitajika sasa ni 71. Matangazo yao ni 142 kwa siku, yaani dakika 71. Zikigawanywa kwenye saa 18 za vipindi ni kama dakika nne kwa saa. Msikilizaji anavumilia hilo bila shida.

Ugumu uko miguuni. Afisa masoko mmoja anawahudumia vizuri wateja 20 hivi: kuwatembelea, kuandika tangazo upya likichuja, kukusanya malipo. Kwa hiyo unahitaji wanne wenye pikipiki, na studio ya kurekodi matangazo 20 au zaidi kila wiki kwa ubora unaosikika. Wanaopinga njia hii wanasema mkataba mmoja wa kampuni ya simu una thamani ya maduka 40 na unasainiwa kwa barua pepe moja. Ni kweli. Tofauti ni kwamba maduka 40 hayaondoki siku moja.

Mwenye duka atauliza tangazo lilimletea nini, na hapa ndipo redio inaweza kujibu hoja ya Facebook. Mpe neno maalumu ambalo mteja akilitaja dukani anapata punguzo la shilingi 500, na muuzaji aweke alama daftarini kwa wiki mbili. Au mpe lipa namba inayotajwa redioni tu. Wengine watasahau neno, na idadi itakuwa pungufu ya ukweli, lakini ni namba yake mwenyewe kutoka kaunta yake mwenyewe.

Kuhusu madeni, ukali unahitajika. Mawakala wa matangazo hulipa baada ya siku 90 au zaidi. Kituo kilichosajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani Tanzania kinadaiwa asilimia 18 tangu ankara inapotolewa, hata kama wakala hajalipa. Ukitoa ankara ya milioni 10 pamoja na kodi ya milioni 1.8, hiyo 1.8 unaitoa mfukoni mwezi unaofuata, na wakala akija kulipa anaweza kukata pia kodi ya zuio. Vituo vinavyoonekana vina kazi nyingi huanguka hivyo: vitabu vina faida, akaunti haina kitu. Mteja mdogo alipe kabla. Kwa wakala, ingiza kwenye bei gharama ya kusubiri, na mwezi wa nne bila malipo matangazo yasimame, bila kujali ukubwa wa jina.

Je, fedha za kamari na za miradi zikataliwe? Wapo wanaosema kamari inamnyonya msikilizaji yuleyule tunayedai kumhudumia, na hoja hiyo ni nzito. Kijana anayepoteza nauli kwa bahati nasibu ya redio hatairudia redio hiyo kwa imani. Wengine wanasema bila fedha hizo watangazaji wanane hawana mshahara. Mimi ningeweka mpaka: hakuna mlipaji mmoja, wala sekta moja yenye utata, kuvuka robo ya mapato ya mwezi. Miradi ya wafadhili ni jambo tofauti, kwa sababu inajenga wasikilizaji. Kosa ni kusubiri iishe. Kipindi cha kilimo kinacholipiwa na mradi wa miezi 12 kitafutiwe mdhamini, kwa mfano muuza pembejeo, kuanzia mwezi wa sita, wakati bado kinasikilizwa na kina mafanikio ya kuonyesha.

Kupunguza watu kukishindikana kuepukwa, punguza zamu ya usiku. Programu kama RadioDJ, isiyolipiwa, inaendesha muziki, vipindi vilivyorekodiwa na matangazo hadi alfajiri, na inatunza kumbukumbu ya muda kila tangazo liliporuka, ambayo mteja ataihitaji. Zima masasisho ya Windows yanayojiendesha, la sivyo kompyuta itajiwasha upya saa nane usiku na kituo kitaamka kimya. Mwandishi wa habari wa wilaya abaki. Muziki uko kwenye kila simu; habari ya zahanati isiyo na dawa au daraja lililokatika kata ya jirani iko kwake peke yake, na kwa ajili hiyo watu wanafungua redio saa moja asubuhi.

Kenya inaelekea kwenye uchaguzi wa Agosti 2027, na fedha za wagombea zitaanza kuingia mapema. Zipokelewe kabla ya tangazo kuruka, kila mgombea kwa bei ileile, kwa sababu aliyeshindwa halipi na aliyeshinda hapokei simu. Zikiingia ziende kwenye antena, betri na akiba ya mishahara ya miezi mitatu, kabla ya kuajiri watu ambao Septemba hakutakuwa na cha kuwalipa.